Uache Utokote

Mara ya kwanza kusikia jina la pai ile nilidhani masikio yangu yamechoka. Ilikuwa Desemba 2019, nimekaa jikoni kwa mama mwenye nyumba wangu, nje kidogo ya mji wa Breaux Bridge, Louisiana, naye ananiuliza kwa Kifaransa chake cha kuburuta kama nakula tarte à la bouillie. Tarte nilijua. Bouillie nilijua zaidi. Mimi nimezaliwa Buyenzi, Bujumbura, mtaa ambao Kiswahili ndicho kinachotuamsha na kutulaza, na Kifaransa kilikuwa cha shule na cha zahanati. Kule zahanati bouillie ilikuwa na maana moja tu: uji. Uji wa mtoto aliyepungua kilo. Unga wa mahindi, soya na mtama, sukari ya kubahatisha, na muuguzi aliyesimama juu ya kichwa chako kuhakikisha mtoto habakizi. Sasa bibi wa miaka 81 ananiambia Krismasi kwao si Krismasi bila mkate wa uji.

Nikajibu kwamba nakula. Nimelelewa hivyo, mgeni hachagui. Lakini moyoni nilisema, masikini, hawa watu kumbe walipata shida kweli.

Nilikuwa nimefika Agosti ya mwaka huo kuja kufundisha. Jimbo la Louisiana lina shule za msingi ambazo watoto husoma hesabu na sayansi kwa Kifaransa, na kwa kuwa walimu wa kutosha hawapatikani kwao, huwaagiza kutoka Ufaransa, Ubelgiji, Kanada, na siku hizi Afrika. Mimi nilipangiwa darasa la tatu. Nilikuwa sina gari, na mahali pale mtu asiye na gari ni kama mtu asiye na miguu. Ndiyo maana nilipanga kijumba cha nyuma kwa huyu bibi, kwa sababu mjukuu wake alifanya kazi karibu na shule na angeweza kunibeba asubuhi. Mbele ya nyumba kulikuwa na barabara, ng'ambo ya barabara miwa, na nyuma, ukishuka kidogo, Bayou Teche, maji ya rangi ya chai ya maziwa yanayokwenda polepole hadi huna hakika yanaelekea upande gani.

Wajukuu wote walimwita Mawmaw. Nilianza na “Madame”, ila baada ya wiki mbili nikaona najichosha, nikaingia kwenye foleni ya wajukuu. Yeye aliniita sha. Ni ile chère ya Kifaransa iliyokatwa mkia, na huko huambiwa watoto, wagonjwa, na yeyote anayeonekana hajala.

Lugha zake zilikuwa tatu. Kiingereza cha benki na daktari. Kifaransa cha padri na cha mgeni kama mimi. Halafu Kikreoli, ambacho alikitumia na vyungu, na paka, na dada yake kwenye simu. Vini manjé, angeniita kutoka mlangoni, njoo ule. Mo ni mimi, to ni wewe, li ni yeye. Nilikishika haraka kuliko nilivyotarajia. Nacho kilizaliwa kwa watumwa wa Kiafrika na mabwana wao wa Kifaransa, na kando ya ule mto, kuanzia Cecilia kushuka hadi St. Martinville, bado kuna wazee wanaoota ndoto kwacho.

Shuleni kwao kilipigwa marufuku. Katiba ya Louisiana ya mwaka 1921 iliamuru shule zifundishe kwa Kiingereza tu, na watoto kama Mawmaw, walioingia darasani bila kujua neno moja la lugha hiyo, walijifunza kwa magoti. Alinionyesha kwa kidole mahali kwenye sakafu ya jikoni, kana kwamba ndipo palepale: mwalimu alimwaga punje za mahindi, mtoto akapiga magoti juu yake, kosa lake ameomba ruhusa ya kwenda chooni kwa lugha ya mama yake. Mwaka 1968 jimbo hilohilo likaunda baraza la kukirudisha Kifaransa, na hilo ndilo lililonifanya niwe na kazi.

Usiku ule nilicheka peke yangu kitandani. Mimi nilichapwa viganja kwa kuongea Kiswahili darasani ili nijue Kifaransa. Yeye aliumizwa magoti kwa kuongea Kifaransa na Kikreoli ili ajue Kiingereza. Na sasa mimi nimevuka bahari nalipwa dola ili nimfundishe kitukuu chake kile alichoadhibiwa nacho.

Turudi jikoni.

Tarehe 23 Desemba aliniita nimsaidie, maana mikono yake ilikuwa imeanza kukataa kazi ya kusukuma unga. Pai hii haina ganda lile kavu la kuvunjikavunjika mnaloliona kwenye picha. Unga wake ni mtamu, laini, kitu kati ya biskuti na keki iliyosahau kuumuka. Aliweka kopo la mafuta meupe mezani, nikaliangalia, naye akaniangalia nikiliangalia.

“Ni ya nguruwe,” alisema. Kisha, baada ya kimya kidogo, “Wewe ni wa wale wasiokula?”

Nikasema ndiyo, Mawmaw, sisi ni Waislamu. Nilijua nimeharibu jambo. Hakusema kitu. Alichukua bakuli, akaliosha kwa maji ya moto, akalifuta, akaliosha tena, na kijiko, na kile kijiti cha kusukumia, kisha akatoa siagi kwenye friji. “Mama yangu angeniuliza maswali,” alisema, “lakini mama yangu hayupo.” Tangu siku hiyo hadi naondoka sikuliona tena lile kopo. Mjukuu aliniambia baadaye kwamba wazee wawili wa kanisani walilalamika kuwa pai za mwaka ule zina ladha ngeni, na Mawmaw akawajibu kuwa ulimi wao ndio umezeeka.

Siagi robo tatu ya kikombe, sukari kikombe kimoja, vikapigwa mpaka vikawa vyeupe. Mayai mawili. Maziwa nusu kikombe. Unga wa ngano vikombe vinne, na bekingi pauda vijiko vinne vya chai, na kungumanga ya kukwaruza papo hapo. Nasema kikombe, lakini kikombe chenyewe kilikuwa cha kahawa, kimevunjika mkono miaka mingi iliyopita, na ndicho kipimo pekee alichokiamini. Donge likafunikwa likalala kwenye friji usiku kucha, kwa sababu unga huu ukiwa na joto unanata kama ulimbo. Kesho yake nikausukuma. Hapo ndipo nilipojipatia heshima, maana mtu aliyesukuma chapati za Ramadhani nzima tangu ana miaka tisa hafundishwi duara. Mawmaw alinyanyua miwani, akachungulia, akasema tu, “Bon.”

Kisha ukaja uji.

Naomba niseme polepole, kwa sababu ndiyo pai yenyewe. Lile ganda ni sahani tu. Kopo moja la maziwa mazito yasiyo na sukari, na vikombe viwili vya maziwa ya kawaida, kwenye sufuria nzito. Nilishangaa kopo, kwa kuwa ng'ombe walikuwa wanaonekana dirishani. Akanieleza kwamba alipokuwa mtoto umeme ulikuwa haujafika vijijini kwao, na maziwa ya asubuhi katika joto la Louisiana hayafiki jioni, kopo lilivumilia. Biashara ya maziwa hayo ilianza kule Illinois mwaka 1885, na kufikia utoto wake hapakuwa na rafu ya duka la kijijini isiyokuwa nayo. Umeme ulipokuja, ulimi ulikuwa umeshazoea. Yana utamu wa kupikwa, kama maziwa ya chai yaliyorudi motoni mara mbili, na ukiyaondoa pai inakuwa nzuri lakini si yenyewe.

Pembeni, kwenye bakuli, viini vinne vya mayai, sukari robo tatu ya kikombe na wanga wa mahindi theluthi ya kikombe, vikavurugwa mpaka vikawa rangi ya manjano iliyopauka. Maziwa yakianza kutoa moshi, unayateka kwa kikombe, unayamimina kidogokidogo kwenye viini huku unakoroga, ili viini vizoee joto kabla hujavitupa kwenye sufuria. Ukivitupa ghafla unapata mayai ya kukaanga yanayoogelea. Hii nilijua. Nilichokuwa sikijui ni kinachofuata: dakika kumi, kumi na mbili, za mwiko wa mti, moto mdogo, bila kusimama, bila kujibu simu. Unakoroga kwa umbo la namba nane ili usiache kona. Mwanzoni ni maziwa. Yanaendelea kuwa maziwa hadi unakata tamaa. Halafu mwiko unaanza kuwa mzito, na ghafla unaona sakafu ya sufuria kila unapopita, na unasikia sauti ambayo kila mtoto wa kwetu anaijua, ile puf, puf ya uji unaotokota na kurusha.

“Hiyo,” alisema Mawmaw. “Bouillie.”

Nikacheka mpaka nikafuta machozi. Ulikuwa uji. Wa mayai na vanila, wa kitajiri, lakini uji, na mwiko, na bibi amesimama juu ya kichwa chako.

Tukaujaza kwenye maganda mawili, na juu tukasuka vipande vyembamba vya unga, kimoja juu kimoja chini, kama mkeka. Oveni, dakika 35, hadi suka likawa rangi ya korosho iliyokaangwa. Ilipopoa alinikatia kipande. Ganda lilikuwa laini kiasi cha kukatwa na ukingo wa kijiko, na ndani kulikuwa na kitu kilichotulia, kisichotikisika kama jeli wala kutiririka kama mchuzi. Kastadi niliyokuwa naijua mimi ni ile ya unga wa kopo, ya kufuturia, niliyoizoea kwa shangazi Kigoma. Ile haina hata yai, Alfred Bird aliibuni Uingereza mwaka 1837 kwa sababu mke wake mayai yalikuwa yanamdhuru. Naipenda hadi leo. Lakini baada ya kipande kile niliionea huruma.

Jirani wa pembeni alikuwa mama wa Kizungu, Mkejuni, naye alioka pai hiyohiyo kwa jina hilohilo. Kila Mkesha wa Krismasi sahani zilivuka uzio, moja kwenda, moja kuja, na kila upande ulikula pai ya mwenzake na kuisema. Jirani alitia unga wa ngano kwenye uji badala ya wanga. Mawmaw alisema ni uji wa kubandikia matangazo. Jirani naye alisema kungumanga kwenye ganda ni mambo ya watu wa mjini. Nilipewa nionje nikawa hakimu, nikasema zote ni tamu, wakaniangalia wote wawili kwa dharau ileile.

Pai ni ya nani, basi? Nililiuliza swali hilo mara moja tu. Jirani alianza mwaka 1755, Waingereza walipowafukuza mababu zake kule Acadia, pwani ya Kanada ya leo, wakatapakaa, na baada ya miaka wakaanza kufika Louisiana. Mwaka 1785 zilikuja meli saba kutoka Ufaransa zikiwa na watu 1,600 hivi. Neno Cajun ni Acadien lililokatwakatwa kinywani. Mawmaw hakuwa na mwaka wa kuanzia. Watu wake waliitwa Wakreoli, wa damu ya Afrika, ya Ufaransa na ya Hispania, na waliofika kwa upande wa Afrika hawakuandikiwa majina yao. Alichosema ni hiki: “Jikoni kwa bibi yake nani alikuwa anakoroga?” Na akaendelea kukuna kungumanga.

Mimi nina upande katika jambo hili na sioni haja ya kuuficha. Uji na tarte ni vya Kifaransa, sawa. Lakini sukari ya Louisiana, tangu Étienne de Boré alipofanikiwa kuigandisha kwa wingi mwaka 1795, ilikatwa na kuchemshwa na watumwa, kwenye mashamba kama lile la ng'ambo ya barabara yetu. Na chakula kinachoitwa gumbo, ambacho majimbo mengine ya Marekani hudhani ni cha Wakejuni tangu kuumbwa kwa dunia, kimebeba jina la bamia kutoka lugha za Kibantu za Angola, kingombo. Kiambishi chetu ki- kiliangukia njiani. Niliwaeleza wanafunzi wangu hilo kwa kuwaandikia ubaoni kiti, kitabu, kisu, kingombo, na mtoto mmoja akauliza kama basi na yeye anajua Kiswahili kidogo. Nikamwambia ndiyo.

Katika miji mingi ya kule yako makanisa mawili ya Kikatoliki yanayotazamana kwa umbali wa kurusha jiwe, moja lilijengwa kwa ajili ya weupe, jingine la weusi. Sheria ya kuwatenga ilishafutwa, ila watu bado wanajua mlango wao. Mawmaw na jirani walimwomba Mungu mmoja kwa sala zilezile katika majengo tofauti, wakarudi nyumbani wakapitishiana pai juu ya uzio. Kwa miaka niliyokaa sikumwona yeyote kati yao akiketi mezani kwa mwenzake. Pai ilivuka, wao hawakuvuka. Sijui niite nini jambo hilo, na Mawmaw nilipomgusia alisema uzio ule aliujenga marehemu mumewe na ni imara sana.

Kisha ikaja korona. Machi 2020 shule zikafungwa, na wajukuu wakapiga marufuku mtu yeyote kuingia ndani kwa Mawmaw. Mimi nikabaki kijumba cha nyuma, yeye nyumba ya mbele, kati yetu yadi ya nyasi na mti wa pekani. Ijumaa Kuu ilikuwa tarehe 10 Aprili, na yeye, ambaye hajawahi kukosa kuoka siku hiyo, alikuwa amekaa barazani kwake na shali, hana hata siagi. Nikasema nitaoka mimi.

Pai ya kwanza niliiweka kwenye oveni kwa nyuzi 180, kama nilivyosoma sikuzote. Baada ya saa nzima nikaifungua, unga mbichi, uji umekaa tu unanitazama. Oveni za Marekani hupimwa kwa Farenhaiti. Nilikuwa nimeipa pai joto la chai iliyosahaulika mezani. Ingetakiwa 350. Ile tuliizika.

Ya pili iliiva vizuri. Ilikuwa nzuri hata kuitazama. Niliiacha kwenye ngazi zake, nikarudi nyuma hatua kumi, tukapungiana mikono, na kesho yake asubuhi nikasikia naitwa kwa sauti ambayo lazima ilifika Cecilia.

“Sha! Umenipikia supu!”

Nilikwenda mbio. Alikuwa nyuma ya mlango wa wavu, ameishika sahani kwa mikono miwili, na alipoiinamisha kidogo kila kitu kikamwagika kuelekea ukingoni, chepechepe, kama mtindi uliokatika. Jioni ilikuwa imeganda. Asubuhi ni maji. Nilitaka ardhi inimeze, lakini zaidi nilitaka kuelewa, kwa sababu niliufuata mwenendo wake wote, vikombe vyote, hata namba nane.

“Ulitoa motoni lini?”

Nikasema ulipoanza kuwa mzito, kabla haujachemka, ili mayai yasikatike.

Akafunga macho. “Uliuogopa,” alisema. Akakaa kwenye kiti chake upande wa ndani wa wavu, akanikalisha kwenye ngazi upande wa nje, akanipigisha somo zima kwa mikono mitupu, anakoroga hewa. Uji ukiwa mzito, huo si mwisho, hiyo ni hodi. Unauacha utokote. Puf. Puf. Unahesabu salamu Maria mbili, polepole, unakoroga, ndipo unatoa. “Mayai hayatakatika. Ule wanga unayashika mkono. Unayaamini au huyaamini?”

Mimi mwalimu wa sayansi sikuridhika na salamu Maria, nikaenda kusoma. Kumbe kiini cha yai kina kimeng'enya kinachokula wanga. Ukiuacha uji njiani, kabla haujachemka sawasawa, kile kimeng'enya hakifi. Kinakaa ndani ya pai usiku kucha kinatafuna, na asubuhi wanga umevunjika, uji umegeuka maji. Na oveni haikusaidii sana, kwa sababu uji uliopozwa ndani ya ganda haufiki joto la kuchemka katikati. Moto wa kutokota ndio unaokiua. Na ni kweli pia kwamba wanga hulinda mayai yasikatike, kwa hiyo woga wangu haukuwa na msingi hata kidogo. Nilimpelekea Mawmaw habari hizi barazani kwa furaha. Alisikiliza hadi mwisho. “Salamu Maria mbili,” alisema. Kwa kuwa mimi si wa kuhesabu hizo, nilijaribu Alhamdu mbili. Zinatosha.

Jambo la vanila lilikuwa likinikaa kooni. Ile ya chupa imetengenezwa kwa pombe. Sheria ya Marekani yenyewe inataka isipungue asilimia 35. Sikulisema, baada ya yale ya mafuta niliona nitakuwa nimezidi. Lakini mwaka 2021 dada yangu wa Kampala alimpa msafiri maganda sita ya vanila ya Uganda, nami nikampelekea Mawmaw yakiwa yamefungwa kwenye gazeti. Hakuwahi kuona vanila yenyewe; maisha yake yote ilikuwa maji ya kahawia kwenye chupa. Alilinusa ganda moja kwa muda mrefu sana. Nikalipasua kwa kisu, nikamwonyesha zile mbegu ndogo kama vumbi la mkaa, nikamsimulia habari za Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12 katika kisiwa cha Bourbon, kinachoitwa Réunion leo, ambaye mwaka 1841 aligundua namna ya kulichavusha ua la vanila kwa kijiti na kidole gumba. Wataalamu wa bustani walikuwa wamehangaika miaka mingi. Mpaka leo, Uganda, Madagaska, Komoro, kila ua huguswa na mkono wa mtu kwa namna ile ya mtoto yule.

“Walimlipa?”

Nikamwambia alikufa maskini mwaka 1880.

Akayarudisha maganda kwenye gazeti, akayaweka kwenye kabati alipoweka cheti chake cha ndoa. Kila pai baada ya hapo alitia nusu ganda, na alitaka vile vidoa vyeusi vionekane. Jirani aliuliza kama ni pilipili.

Ijumaa Kuu ya mwisho niliyokuwa pale ilikuwa tarehe 15 Aprili 2022, katikati ya Ramadhani. Kule siku hiyo ina mambo yake. Ardhi hailimwi wala kuchimbwa, wazee husema itatoa damu. Watu hutembea kwa miguu kutoka St. Martinville hadi Catahoula wakisali Njia ya Msalaba, vituo vyake vimetundikwa kwenye miti ya mialoni kando ya barabara. Na Catahoula wana Siku ya Pai: wanaoka Alhamisi, na Ijumaa, kwa kuwa nyama hailiwi, watu hupita nyumba kwa nyumba wakila pai. Mawmaw aliisikia ikisifiwa redioni akabetua mdomo. “Wao wameipa jina. Sisi tulikuwa tunaoka tu.”

Tulioka kumi na moja. Za tini, za viazi vitamu, za nazi, na nne za uji, ambazo sasa uji wake nilikuwa napika mimi, naye amekaa ananisikiliza. Hakuhitaji kuangalia, alisikiliza ile puf. Nilikuwa nimefunga, kwa hiyo sukari aliionja yeye. Kutwa nzima watu waliingia na kutoka, binamu na watoto wa ubatizo na wazee wa kwaya, na kila mmoja alinikatia kipande, na kila mara Mawmaw alifoka kutoka kwenye kiti chake, “Mwacheni, bado hajaruhusiwa!” kana kwamba nimelazwa hospitali. Pai moja ya uji aliifunika kwa kitambaa akaiweka juu ya friji, na hakuna mtoto aliyethubutu.

Jua lilizama saa moja na nusu na kitu. Wageni walikuwa wameshaondoka. Nilileta tende, na uji wangu mwenyewe, wa ulezi nilioununua kwenye duka la Wahindi Lafayette, wenye pilipili manga na iliki kama anavyopika mama. Nikampa kikombe. Alikunywa funda moja, akakohoa, akakaa kimya, akanywa la pili.

“Hii nayo ni bouillie?”

“Ndiyo, Mawmaw. Hii ndiyo ya kwetu.”

Akaiteremsha pai, tukala, yeye na mimi, taa ya jikoni imewashwa na vyura wa bayou wanapiga kelele. Uji uliobaki, kama nusu sufuria, nilisahau kuuondoa kwenye jiko lake.

Asubuhi ya Jumamosi nilipokwenda kuuchukua, sufuria ilikuwa imeoshwa. Juu ya jiko palikuwa na pai moja zaidi, ndogo, suka lake limepinda kwa sababu ya ile mikono, na kwenye matundu ya suka palionekana uji wa rangi ya udongo, wenye vidoa vya pilipili manga. Kipande kimoja kilikuwa kimeshakatwa. Nilimuuliza imekuwaje.

“Sikwambii,” alisema. “Jua linazama saa ngapi leo?”